Turbo haitoi upepo: kabla ya kununua nyingine, tafuta hewa inakopotelea

Msomaji mmoja wa Ilemela ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee wetu. Ninaendesha Prado ya mwaka 1997 yenye injini ya 1KZ-TE na giaboksi ya otomatiki. Nililinunua Dar es Salaam, na aliyeniuzia alikuwa ameshafunga geji ya turbo. Mwaka wa kwanza hapa Mwanza mshale ulikuwa ukifika 0.7, lakini kwa miezi mitatu sasa haupiti 0.3 hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Nikipanda mlima linatoa moshi mweusi kwa sekunde chache, kisha linabaki limelegea, na chini ya boneti ninasikia mlio kama wa kupuliza. Fundi wa kwanza amesema turbo imekufa, ninunue ya mtumba. Wa pili amesema atakaza fito ya turbo na presha itapanda. Wa tatu amesema ni kwa sababu Mwanza tuko juu na hewa ni nyepesi. Nimsikilize nani?"

Marahaba, kijana wangu. Hao watatu hawajakuambia jambo lisilowezekana, lakini hakuna hata mmoja aliyepima kitu, na hilo linaniuma, kwa sababu nimeona watu wengi wakitoa fedha ya ada ya watoto kununua turbo ya mtumba na kurudi nyumbani na mshale uleule wa 0.3. Kwa dalili ulizozitaja, mimi ningeanzia kwenye mipira na viungio vya hewa, wala nisingegusa turbo wala fito yake (kile chuma chembamba kinachofungua mlango wake wa kupunguzia moshi) mpaka hivyo vimepimwa. Nitakueleza kwa nini, na namna ya kupima kwa vifaa vinavyopatikana kwa mtu wa pancha yeyote.

Presha ya turbo ni matokeo ya kazi iliyopita mikono mingi. Dizeli ikiungua, moshi wenye joto na kasi hutoka kwenye injini na kuzungusha gurudumu la upande mmoja wa turbo. Gurudumu hilo limefungwa kwenye shafti moja na gurudumu la upande wa pili, ambalo hunyonya hewa kutoka kwenye chujio na kuisukuma kwenye mipira, kwenye intakula (kipoza hewa) kama gari lako linayo, na hatimaye kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Geji yako imefungwa mwisho kabisa wa safari hiyo. Mshale unaposimama kwenye 0.3, unakuambia tu kwamba mahali fulani njiani kazi imekatika. Inawezekana ni dizeli pungufu, moshi unaotorokea nje kabla ya kufika kwenye turbo, mlango wa kupunguzia moshi ambao haufungi, chujio lililoziba, mpira uliopasuka, sailensa iliyoziba, au geji yenyewe. Turbo ni moja tu kati ya watuhumiwa hao wote, na kwa kuwa ndiyo ya gharama kubwa kuliko wote, ni haki iwe ya mwisho kuhukumiwa.

Nianze na fundi wa tatu, kwa kuwa hoja yake inapimika kwa kalamu na karatasi. Ziwa letu liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ya kawaida ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam, ufukweni mwa bahari, ni kama 101. Geji yako husoma kile ambacho turbo imeongeza juu ya hewa ya kawaida, na alama ya 0.7 ni sawa na kilopaskali 70. Kwa hiyo kule Dar es Salaam, kwa 0.7, injini ingepokea jumla ya 171, na hapa Mwanza, mshale ukiwa palepale kwenye 0.7, ilikuwa ikipokea 158. Upungufu huo ni wa asilimia 8 hivi, na dereva makini anaweza kuuhisi, lakini haulegezi gari kiasi unachoeleza. Leo, kwa 0.3, injini yako inapokea 118 tu, ambayo ni kama robo tatu ya kile ilichokuwa ikipata mwaka jana katika mji huuhuu. Mwinuko wa Mwanza haukubadilika katika miezi mitatu. Zaidi ya hayo, kifaa kinachodhibiti presha kwenye turbo ya aina yako hufanya kazi kwa tofauti kati ya presha ya turbo na hewa ya nje, na ndiyo sababu mshale wako uliweza kufika 0.7 hata hapa Mwanza. Fundi huyo amesema jambo la kweli kuhusu hewa ya kwetu, ila halihusiani na ugonjwa wa gari lako.

Sasa tusome dalili zako, kwa kuwa zina maneno mengi kuliko unavyodhani. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Katika lori la zamani lenye pampu ya kawaida isiyo na kidhibiti, mpira wa turbo ukipasuka moshi hufuata njia nzima ya mlima, kwa sababu pampu inaendelea kumwaga dizeli ileile. Injini yako ni tofauti: ina sensa inayosoma presha ya turbo na kuiambia kontrol boksi ni dizeli kiasi gani iruhusiwe. Unapokanyaga kwa ghafla, moshi hutoka mwanzoni, kisha kontrol boksi hugundua kwamba hewa haiji, nayo hupunguza dizeli. Moshi unakatika na gari linabaki limelegea. Hicho ndicho ulichokiandika, neno kwa neno. Ukiongeza na huo mlio wa kupuliza, ninaona gari ambalo turbo yake inasukuma hewa lakini hewa hiyo haifiki inakokwenda. Kama ungeniambia kwamba hakuna moshi hata kidogo, wala hakuna mlio, ningekupeleka kwanza kwenye upande wa dizeli na wa sensa, na njia ya uchunguzi ingekuwa nyingine kabisa.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha geji inasema kweli. Geji nyingi zilizofungwa mitaani huchukua presha kwa kukata ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa na kupachika kiungio cha T. Kiungio hicho cha plastiki hukauka kwa joto la injini, hupata ufa, na hapo hutokea madhara mawili kwa pamoja: geji husoma kidogo, na sensa nayo husoma kidogo, hivyo kontrol boksi huinyima injini dizeli ingawa hewa ipo. Nimewahi kukuta gari lililohangaishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kiungio ambacho bei yake haifiki ya soda. Chomoa mpira huo mwembamba pande zote mbili, upulize kwa mdomo, angalia kama umezibwa na masizi yenye mafuta, na kwenye magari yenye chujio dogo katikati ya mpira huo likague pia. Kisha ipime geji yenyewe: mtu wa pancha mwenye geji nzuri ya upepo anaweza kukusaidia kulinganisha. Alama ya 0.7 kwenye geji yako ni sawa na 10 kwenye geji yake ya tairi (upande wa psi), na 0.3 ni zaidi kidogo ya 4. Ukishazoea kuona tairi likijazwa 30, utatambua kwamba presha tunayoitafuta ni ndogo, na kwamba tundu dogo tu linatosha kuila.

Presha ya turbo pia haipimwi gari likiwa limesimama uani. Kupiga resi bila mzigo hakuzalishi moshi wa kutosha kuisukuma turbo, na mshale utapanda kidogo tu hata kama gari ni zima. Tafuta mwinuko mrefu usio na watu wala magari mengi, zima kitufe cha O/D ili giaboksi isikimbilie gia ya juu, kanyaga mpaka chini mshale wa mizunguko ukiwa kwenye 2,000 na uendelee mpaka upite 3,000. Anayesoma geji awe abiria, na wewe uangalie barabara. Usikubali fundi apime kwa kushika breki huku amekanyaga mafuta kwa muda mrefu. Giaboksi ya otomatiki hupata joto kali kwa sekunde chache, na hasara yake ni kubwa kuliko ya turbo. Injini nyingi za dizeli za kizazi chako hutoa kati ya 0.5 na 0.8 zikiwa na mzigo, na wewe una bahati ya kuujua mshale wako ulikuwa ukifika wapi gari likiwa zima, kwa hiyo lengo letu ni 0.7 ile ile ya mwaka jana.

Chujio la hewa ni kazi ya dakika tano, lakini kwa sisi wa ukanda wa ziwa lina jambo lake. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi hawaishii kuchafua taa na kuta za nyumba. Gari linalolala karibu na ufuko au linalopita barabara za kando ya maji jioni hunyonya wadudu hao kwa maelfu, nao wakichanganyika na vumbi la barabara za changarawe hufanya kitu kama tope lililokauka kati ya mikunjo ya karatasi. Ukilitazama chujio kwa juu unaweza kuliona safi. Fungua mikunjo kwa vidole ndipo utaona. Upepo wa kusafishia upulizwe kutoka ndani kwenda nje, usiwe mkali wa kutoboa karatasi, na chujio la karatasi lisioshwe kamwe kwa petroli wala mafuta ya taa. Kisha mwombe mtu apige resi huku wewe ukiutazama ule mpira mnene unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo. Huo uko upande wa kunyonya, kwa hiyo ukilegea hauvimbi, bali hunywea kama shavu la mtu anayenyonya muwa. Kuna waliofungiwa mpira wa rejeta mahali hapo kwa sababu kipenyo kilifanana. Mvuke wa oili unaulainisha, nao hujikunja ndani pale tu injini inapohitaji hewa zaidi. Na tafadhali usikubali gari lijaribiwe bila chujio, hata kwa kilomita moja. Gurudumu la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo chembe ya mchanga ni kama patasi.

Tukishavuka hapo tunafika kwenye kazi yenyewe, nayo ni kujaza upepo katika njia yote ya hewa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na kutafuta unakotorokea. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mdomo wa turbo, upande ule unaotoka chujio, au kinachoingia kwenye mpira wake na kubanwa kwa klipu. Kitoboe katikati, kipachike valvu ya tairi ya tubeless, na umepata kifaa ambacho gereji nyingi hazina. Upo mpira wa kupumulia injini, unaoleta mvuke wa oili karibu na mdomo wa turbo. Uchomoe na uuzibe, kwa sababu ukiuacha wazi upepo utaingia ndani ya injini na unaweza kusukuma sili za oili. Anza na 5 ya geji ya tairi, usikilize, kisha panda polepole, wala usizidi 10. Kichwa chako kisikae mbele ya kifuniko hicho, kwa kuwa kikifyatuka hukuumiza vibaya, na upepo wote utolewe kupitia valvu kabla ya kulegeza klipu yoyote. Ukisikia hewa ikitokea kwenye bomba la ekzosi, ni kwamba kuna vali za injini zilizosimama wazi. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye boliti ya mbele mpaka sauti hiyo ipungue, ndipo uendelee.

Chukua sabuni ya maji, ichanganye na maji kidogo iwe nzito, na uipake kwa brashi kwenye kila kiungio: mdomo wa kutokea wa turbo, klipu zote, pande zote mbili za intakula, pale tangi zake za pembeni zinapokutana na kiini, gasketi ya manifoldi, mpira mwembamba wa sensa, na vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia. Usipake juu tu. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa Prado ya injini kama yako kutoka Magu, ambayo tayari ilikuwa imebadilishiwa turbo katika gereji nyingine na mshale haukusogea. Mipira yake ilionekana mizima, na hata nilipoikamua kwa mkono sikuona kitu. Tulipojaza 5 kulikuwa kimya. Tulipofika 8 nikasikia pumzi ndogo, nikalala chini ya gari na tochi, nikaingiza brashi yenye sabuni upande wa chini wa mpira unaotoka kwenye turbo, pale unapopinda kabla ya klipu. Povu likavimba mara moja. Kwenye mkunjo kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba, uliojifunga kabisa presha ikiwa ndogo na kufunguka presha ikipanda, ukifumba na kufumbua kama mdomo wa sato aliyetolewa majini. Mwenye gari alikuwa amelipia turbo nzima kwa sababu ya mpira mmoja. Aliukata ule mpira akaondoka nao, akisema atautundika sebuleni.

Nimelieleza tukio hilo kirefu kwa sababu ufa wa namna hiyo ndio unaowashinda wengi. Mpira wa zamani hufa upande usioonekana, kwa kuwa oili hukusanyika chini na kuulainisha kutoka ndani. Ukiwa umeupapasa na ukakuta unateleza kwa oili, uufute, uukunje kinyume na unavyokaa kwenye gari, na uutazame kwenye jua. Oili kidogo ndani ya mipira ya gari la umri huu ni kawaida, inatoka kwenye pumzi ya injini, na haithibitishi peke yake kwamba turbo imekufa, ingawa mafundi wengi huionyesha kwa mwenye gari kama ushahidi wa mauaji. Unapofunga mpira mpya chagua uliotengenezwa kwa ajili ya turbo, wenye nyuzi ndani na unaostahimili oili na joto, na midomo ya chuma uisafishe oili kwanza, la sivyo utachomoka siku ya kwanza ya mlima.

Kama njia ya hewa imeshika 10 bila kuvuja, hamia upande wa moshi. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa na usikilize kati ya kichwa cha injini na turbo. Gasketi iliyokufa au manifoldi yenye ufa hutoa mlio wa tiki tiki unaofifia chuma kikipata joto na kutanuka. Macho nayo yatakusaidia, kwa kuwa mahali moshi unapotokea pana alama nyeusi ya masizi makavu, yenye umbo la unyoya. Moshi unaotoroka hapo ni nguvu ambayo turbo haitaipata. Baada ya turbo tatizo ni kinyume chake: bomba likiziba, moshi hauna pa kwenda na gurudumu halizunguki kwa kasi. Gonga sailensa kwa kipande cha mti, usikilize kama kuna vipande vilivyomeguka ndani, na kama gari lako bado lina katalisti (kisafisha moshi cha kwenye bomba), ikaguliwe kwa kumulika na tochi.

Sasa fundi wa pili na fito yake. Turbo yako ina mlango mdogo upande wa moshi, ambao mafundi huuita westigeti, na kazi yake ni kupitisha moshi pembeni presha ikifika kiwango. Unafunguliwa na fito inayotoka kwenye kopo dogo la bati lenye diaframu na springi ndani, na kopo hilo hupata presha kwa mpira mwembamba kutoka kwenye turbo yenyewe. Mlango huo ukikwama wazi kwa masizi, au springi ikichoka, presha haipandi, na kwa hiyo ni halali kuukagua. Chomoa mpira wa kopo, weka pampu ya mkono yenye geji, jaza taratibu: fito inapaswa ikae imetulia presha ikiwa ndogo, ianze kusogea karibu na kiwango chako cha kawaida, na irudi yenyewe ukiachia. Ikikataa kusogea au isiporudi, masizi yametawala, au kutu. Ukijaza na presha ikashuka bila wewe kuachia, diaframu imetoboka. Hiyo peke yake haishushi upepo bali huupandisha kupita kiasi, kwa hiyo si ugonjwa wako wa sasa, lakini ibadilishe.

Kukaza fito kama tiba ni jambo jingine, nami ninakusihi ulikatae. Kwenye njia ya hewa inayovuja, turbo tayari inafanya kazi zaidi ili kufidia hewa inayopotea. Ukikaza fito, mlango unachelewa kufunguka, shafti inazunguka kwa kasi kuliko iliyokusudiwa, na bushi zinazoishikilia huanza kulika. Mshale unaweza kupanda kutoka 0.3 hadi 0.4, ukafurahi kwa mwezi mmoja. Kisha siku mpira uliopasuka utakapobadilishwa, presha itaruka juu ya kiwango cha injini, nawe una 1KZ-TE, ambayo kichwa chake kinajulikana kwa kupata nyufa kikizidishiwa joto na mzigo. Fito hiyo ilipimwa kiwandani. Kama haijawahi kuguswa, iache.

Upande wa dizeli nitaupita kwa haraka kwa kuwa dalili zako hazielekei huko. Chujio la dizeli likiziba, au pampu ikichoka, moto ndani ya injini unakuwa mdogo, moshi unakuwa mdogo, na turbo huzunguka polepole ingawa ni nzima. Gari la namna hiyo halitoi moshi mweusi. Badilisha chujio la dizeli kama hukumbuki lilibadilishwa lini, na umwombe fundi umeme asome misimbo ya hitilafu kwenye kontrol boksi, hasa ya sensa ya presha. Kama mashine yake inaonyesha thamani ya sensa hiyo, mwambie aisome swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa: hapa Mwanza inapaswa kuonyesha karibu kilopaskali 88. Ikionyesha 60 au 101 wakati hakuna kinachozunguka, sensa au nyaya zake zinasema uongo.

Turbo yenyewe ikaguliwe mwisho, na ukaguzi wake hauhitaji kuishusha. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa mpira wa kunyonya, ingiza vidole viwili, ushike ncha ya shafti. Izungushe: inapaswa kuteleza laini bila kukwaruza popote. Isukume juu na chini: mchezo mdogo sana ni kawaida, kwa sababu bushi za turbo huelea juu ya oili na sasa oili haina presha, lakini mapanga yasiguse ukuta hata ukisukuma na kuzungusha kwa pamoja. Ivute na uisukume kwa urefu wake, mbele na nyuma: hapo usihisi mchezo unaoeleweka kwa vidole. Kisha mulika tochi kwenye ncha za mapanga. Zikiwa zimekwanguliwa na kung'aa, zimegusa ukuta. Zikiwa zimekuwa butu na zenye vinundu kama zilizopigwa mchanga, vumbi limepita kwa muda mrefu, na turbo hiyo haitasukuma hewa vizuri hata shafti ikiwa imara. Ukikuta hayo, fundi wa kwanza atakuwa amepatia, na nitakubali. Lakini hata hapo usifunge nyingine kabla ya kujua iliyopo imeuawa na nini. Ile bomba nyembamba ya kuleta oili ifunguliwe na kusafishwa au kubadilishwa, kwa kuwa mkaa wa oili iliyoungua hukaa humo. Turbo mpya imiminiwe oili safi kwenye tundu lake kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Na ile ya mtumba unayouziwa ipitishwe kwenye mtihani uleule wa vidole palepale dukani, kabla hujatoa fedha.

Fanya kazi hii kwa mpangilio nilioueleza, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu hutajua ni kipi kilichoponya. Kila ukirekebisha kitu kimoja, rudi kwenye mwinuko uleule, O/D ikiwa imezimwa, na abiria aandike mshale umefika wapi mizunguko ikiwa 2,000, 2,500 na 3,000. Mshale ukirudi 0.7 lakini gari likabaki zito, tatizo liko kwenye dizeli au giaboksi na si kwenye turbo tena. Ukibaki chini ya hapo baada ya njia ya hewa kushika 10 bila povu popote, niandikie namba hizo tatu, uniambie na fito ilianza kusogea kwenye presha gani, nami nitakuambia pa kufungua.